Matofali Niliyoyashusha Kutoka Paani

Jambo hili liligharimu hivi, nimehesabu mara mbili: paneli nne za sola, kuku mia moja themanini na sita waliokwisha kuchinjwa na kunyonyolewa, mbuzi wa jirani ambaye alipokufa tu ikadaiwa alikuwa na mimba ya mapacha, na jina la fundi mmoja. Hayo matatu ya kwanza nimeyalipa. La nne ndilo limenisimamisha hapa, kwa hiyo mnivumilie.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye yule mama anayehesabu njiti za kiberiti kabla ya kulipa. Sokoni Ikungi wauza vitunguu wakiniona wanapanga mafungu yao upya. Ndiyo maana mlinikabidhi chumba cha ubaridi cha kikundi, mkaona mmepata mtu. Hata mimi niliona hivyo.

Paa la chumba kile ni bapa kama meza: bati juu, bati chini, katikati povu gumu la kuzuia joto. Fundi wa sola, mwanakikundi mwenzetu, alilipanda akiwa amevua viatu, akashuka na kuniambia, "Mama, hapa hatutoboi hata tundu moja. Maji yakiingia kwenye povu, paa litaoza ndani kwa ndani na ubaridi tutausikia redioni. Tunalaza fremu juu ya mipira, tunazikandamiza kwa matofali ya saruji. Ishirini na nne."

"Kumi," nikasema.

Akacheka. "Mama, bei tutapatana. Uzito hatupatani."

"Kumi na mbili, na chai juu yangu."

"Upepo wa huku unaujua, mama. Unapenya chini ya paneli unainua, na unaanzia pembeni. Ishirini na nne."

Sasa nawaambia. Kwa miaka yangu yote ya kununua, sijawahi kukutana na fundi anayetaja idadi bila kuchomeka ya kwake. Akisema misumari kilo tatu, moja ina safari yake. Nikaamini nusu ya yale matofali ni maneno tu. Yeye akayaweka yote, akazungushia kila moja duara la rangi nyekundu kwenye bati, akaenda zake. Wiki iliyofuata nilimlipa mbeba mizigo akayashusha kumi na mawili. Nikajengea msingi wa banda la kuku. Banda langu, si la kikundi. Mama wa pale nyuma, usigune kwanza, baya zaidi linakuja.

Miezi miwili paneli hazikutikisika, nami nikawa najipongeza. Kisha ukaja ule upepo wa kiangazi. Saa nane mchana nikasikia kitu kinagonga paani. Nilipotoka, paneli ya pembeni ilikuwa imeshainuka, na zilizobaki zikaifuata. Moja ilimwangukia mbuzi. Baada ya siku mbili bila umeme hakuna aliyeweza kusogelea mlango wa kile chumba kwa harufu, na wale kuku walikuwa wenu.

Mkakutana hapa hapa. Nikasimama kama nilivyosimama sasa, nikasema, "Muulizeni fundi aliyelipua kazi."

Yeye akaniuliza kwa upole, "Mama, matofali yote yalikuwepo?"

"Yote."

"Basi naomba ngazi nipande nikaangalie."

Nikasema ngazi imeazimwa. Ilikuwa nyuma ya nyumba yangu. Hakuna aliyebisha, maana nani angehesabu tena kitu nilichokwisha kuhesabu mimi? Mkamwondoa kikundini siku ile ile. Kazi Ikungi hakupata tena, akahamia Kinyangiri kuchunga ng'ombe wa mjomba wake.

Mimi nikaleta fundi mwingine, mtu mzima kutoka Mgori. Alipanda, akazunguka paa lote, kisha akasema, "Dada, alama ziko ishirini na nne. Matofali naona kumi na mawili. Aliyepanga hapa alikuwa fundi. Aliyepunguza ni nani?" Akawa ananiuliza huku anatazama msingi wa banda langu.

Jioni ile nilibomoa banda. Matofali yakarudi kwenye maduara yake, na upepo wa mwaka huu umepita juu ya paneli mpya bila kuzisogeza.

Nikampigia simu yule wa kwanza. Akapokea: "Shikamoo, mama." Jamani, kuitikia marahaba kwa mtu uliyemzika akiwa hai si kazi ndogo. Nikamweleza yote, nikaomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia, mama. Ila mimi hukunisema kwenye simu. Ulinisema mkutanoni." Akakata.

Namshukuru fundi wa Mgori, ambaye nilimlipa alichotaja bila kubishana, mara ya kwanza tangu niolewe. Namshukuru jirani mwenye mbuzi, aliyeendelea kunisalimia. Na kama kuna la kujifunza, ni hili: ukiona umeokoa kitu, uliza kwanza nani amebeba upungufu wake.

Sasa naombeni ushauri wenu. Jumamosi nakwenda Kinyangiri. Nikifika kwake nianze na neno gani? Na kati yenu mlionyoosha mikono kumtoa, nani atakubali kwenda na mimi?