Fideli Habimana na Vinundu vya Keza

Morogoro, 3 Juni 2024. Ni miaka ishirini na minane tangu nilipopanda basi Biharamulo kwa uhamisho wa kikazi, nikiahidi kurejea baada ya miaka miwili. Tarehe 30 mwezi huu Bwana Fideli Habimana atastaafu, baada ya kufanya kazi miaka thelathini na sita katika maabara ya udongo ya kituo chetu cha utafiti wa kilimo kule. Hajahamishwa hata mara moja. Wasomaji wa jarida hili wanisamehe nikianza kwa kusema kwamba namwonea wivu.

Mkuu wa kituo aliponiomba kwa barua niandike wasifu huu, aliongeza ombi la pili: nirudi, mimi mstaafu, niishike maabara kwa mwaka mmoja, kwa kuwa Fideli mwenyewe amenipendekeza. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Nitaijibu hapa hapa.

Fideli, mzaliwa wa Bukiriro, aliajiriwa mwaka 1988 akiwa msaidizi wa maabara. Mimi nilimzidi cheo na umri. Nilimfundisha kuchemsha vyombo kwenye sufuria ya presha na kuwatambua bakteria kwa rangi na umbo la makundi yao. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akiona kwa macho tu mambo ambayo mimi niliyatafuta vitabuni.

Wageni wakija, mimi niliwaambia kuwa kijiko kimoja cha udongo kina viumbe wengi kuliko watu wa mkoa mzima. Fideli hakupenda hesabu hizo. Alitaka kujua viumbe hao wanafanya kazi gani. Waliompendeza zaidi ni bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, wakivuta naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Kinundu kikipasuliwa kikawa chekundu ndani, kazi inaendelea.

Mwaka 1995 tuligawa unga wa bakteria hao kwa akina mama wa kijiji cha Keza, waupake kwenye mbegu iliyoloweshwa kabla ya kupanda. Wiki sita baadaye niling'oa mashina arobaini. Mizizi ilikuwa mitupu. Nikaandika ripoti fupi, yenye kujiamini sana: udongo wa Keza una tindikali kali, bakteria hawawezi kuishi humo. Ripoti ilisifiwa. Ndiyo iliyonipandisha cheo na kunileta Morogoro.

Fideli hakubishana nami. Alikuwa ameona maharage yaliyojiotea kando ya njia huko huko Keza, yana vinundu tele. Akarudi Keza kwa baiskeli, akaketi jikoni kwa Bibi Rozina, mmoja wa wakulima wetu. Baada ya shikamoo na kikombe cha uji akamuuliza ile mbegu aliifanyaje.

"Mwanangu, mlitaka mbegu ilowe, ikalowa," Bibi Rozina alimwambia. "Nikaipaka majivu, kama tunavyofanya siku zote. Au ulitaka nipande chakula cha wadudu?"

Majivu ndiyo yaliyowaua bakteria, kabla hata hawajagusa udongo. Kila mama wa Keza alifanya vivyo hivyo. Mimi, mtoto wa mzee Suleman muuza vitambaa wa mjini, sikuwahi kufikiria kuuliza. Msimu uliofuata Bibi Rozina alipanda mistari sita bila majivu. Fideli alinitumia mzizi mmoja tu kwenye bahasha, umekauka, vinundu vikiwa bado vimeshikilia.

Tangu hapo kazi yake imejulikana Ngara na Biharamulo yote. Inasimuliwa kwamba siku moja pale Lusahunga, akisubiri gari, mama muuza ndizi alimuuliza amebeba nini kwenye kikapu. Fideli, mtu asiyejua kudanganya, akajibu ni bakteria hai, mabilioni. Mama akamwomba, kwa heshima zote, akasubirie ng'ambo ya barabara.

Mimi huku nilipata kiti kinachozunguka na mlango wenye jina langu, Hatibu Suleman. Yeye alipata udongo chini ya kucha, na wakulima wanaomjua kwa sauti akiwa bado njiani. Kama ningeweza kubadilishana naye, ningebadilishana leo asubuhi.

Kwa hiyo, Mkuu wa kituo, nilitaka sana kukubali. Lakini nimempigia simu Bi. Swabaha, fundi wa maabara aliyefanya kazi na Fideli miaka kumi na mmoja. Nilimuuliza hili na lile kuhusu friji na uoteshaji wa bakteria, nikijifanya napima kazi. Alinijibu yote, kisha akaniuliza, "Shikamoo tena, mzee. Ukija, mimi nitakaa wapi?" Wivu wangu ni juu ya miaka ambayo Fideli ameimaliza, na hiyo haipatikani kwa mkataba wa mwaka mmoja. Maabara apewe Swabaha.

Fideli, ahsante kwa uvumilivu wako, na kwa kutoitaja ile ripoti yangu mbele za watu. Nakuombea afya njema, mvua za wakati, na majirani wenye maswali mengi huko Bukiriro. Mimi sitarudi.