Mfereji Uliofunikwa kwa Heshima ya Wageni

— Laki nane, Fundi! Laki nane taslimu kwa kibanda cha mabati, na bado umekunja uso kama umetukanwa!

— Nimetukanwa.

— Basi na mimi nitukanwe, jamani! Hata nusu yake!

Huyo ni Redio, kinyozi, mwenye habari kabla hazijatokea. Benchi letu liko kona, kati ya kibanda chake na changu ninapotengeneza baiskeli. Anayemimina kahawa ni Mheshimiwa, tarishi mstaafu. Wa tatu ni Injinia, fundi rangi ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku. Kampuni moja, hiyo inayonipa laki nane nihame, inataka kushusha duka kubwa kwenye uwanja ulio mbele yetu, na lango la malori lipite pale pale nilipo mimi. Leo saa nane mchana kamati ya mipango miji inasikiliza wenye pingamizi. Baada ya hapo hasikilizwi mtu. Hawa watatu waliniahidi kwa midomo yao kwamba tunakwenda wote. Saa sita na nusu ilishapita, na Redio alikuwa bado na kandambili.

— Tatizo si duka, akasema Mheshimiwa. Tatizo ni zile ghorofa za chini. Nani mwenye akili anajenga kwenda chini?

— Mwenye magari, nikasema. Ni maegesho.

— Ndivyo wanavyotaka uamini.

— Mimi mchoro nimeuona ukutani pale ofisini kwao, akadakia Injinia. Watu waliochorwa wote warefu, wameshika mifuko, wanacheka. Hakuna hata mmoja anayefanana na sisi. Sisi tumekwenda wapi?

— Tumeshahamishwa, Redio akajibu. Anaanza Fundi, nafuata mimi. Halafu wanazungusha ukuta, na ukitaka kuingia kwako unakata tiketi.

— Tiketi ya kwenda kulala na mke wangu? akauliza Injinia.

— Na mashine inakupiga picha mlangoni.

— Mashine itajaa picha za Injinia mapema, akasema Mheshimiwa. Mkewe humfungia nje kila siku.

Wakacheka. Nati ile ile nilikuwa nimeikaza na kuilegeza mpaka mwenye baiskeli akaninyang'anya spana.

— Mnakwenda au hamwendi?

— Tunakwenda, ndugu yangu, akasema Redio, mbona unatukimbiza? Ila tukisema, si wataandika majina?

— Wakishaandika, wanakufuata, akasema Mheshimiwa. Mimi serikali naijua kwa ndani.

— Ulikuwa unabeba barua!

— Na zilisema nini, unajua wewe?

Hapo akapita dada mmoja, mtoto mgongoni. Ni mpangaji mpya, amehamia wiki hii ile nyumba ya bondeni.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu mtaani.

— Asanteni. Samahani, naomba kuuliza. Mvua zikianza, maji ya huku juu yanapita wapi?

Injinia akageukia barabarani kana kwamba ameitwa.

Mfereji upo. Unakatiza uwanja mzima, na mvua ikikolea unaweza kumeza mtu mzima. Lakini siku wapimaji wa kampuni walipokuja, mabwana hawa waliona aibu wageni wakute matope. Wakapanga mbao juu, wakamwaga mchanga, Injinia akapaka mawe chokaa pembeni, kukapendeza. Nilipopiga kelele nikaambiwa nina gubu. Wapimaji wakasifia usafi wetu, wakachora uwanja mtupu, na juu ya mfereji wakaweka sakafu ya duka. Likijengwa hivyo, maji yote yatateremkia bondeni.

— Unajua, dada, lile duka likija... Redio akaanza.

— Sijauliza duka, kaka. Nimeuliza maji. Mtoto wangu analala chini.

Dada akasubiri, akamvuta mtoto mgongoni, bado akasubiri. Mheshimiwa akapuliza kikombe kilichokwisha kupoa zamani.

Nikawageukia.

— Nikienda peke yangu kusema pana mfereji, wataniambia natafuta kuongezewa hela. Waliofunika ni nyinyi.

— Fundi, watatushitaki! akasema Redio.

— Sijui. Ninachojua mliniahidi kusema mbele ya kamati, na sikuwapigia magoti. Redio, kauli yako. Injinia, yako. Mheshimiwa, yako. Nazidai zote, na nazitaka leo saa nane.