Hesabu ya Njia Panda ya Mojo

Makasisi wetu, wanachama wa idir, chama chetu cha kuzikana, mliosimamisha hema hili, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, marehemu Mwalimu Wubshet Dagnachew alizaliwa tarehe 9 Hidar 1950 kwa kalenda yetu ya Kiethiopia, mjini Debre Birhan, kifungua mimba wa Mama Yeshimebet, akifuatiwa na mdogo wake Zerihun, ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka majirani wakamwita yaya.

Alihitimu fizikia Addis Ababa mwaka 1973, akapangiwa sekondari mjini Nazret, ambako aligonganisha gololi mezani na kuzunguka kwenye kiti akiwa ameshika matofali ili kuonyesha jinsi mwendo unavyohama, akiwaambia wanafunzi, "Hakijapotea, wanangu, kimehama tu, kitafuteni." Tarehe 20 Tir 1976 alifunga ndoa na Aselefech, wakajaliwa Hirut na Mesfin, na polisi wa barabarani wakawa wanamwita kupima ajali.

Tarehe 3 Megabit 1988 aliitwa njia panda ya Mojo, ambako lori lilikuwa limegonga basi dogo lililokuwa likivuka barabara, watu saba wakafa, na dereva wa lori alikuwa Zerihun. Marehemu aliomba kazi hiyo apewe mwingine, lakini jamaa za waliofariki wakasema, "Tunamwamini yeye."

Zerihun alidai basi lilimchomokea, naye akafunga breki. Marehemu akapima michubuko ya lami, nishati iliyoliwa na msuguano ikampa kasi ya baada ya kugongana, momenta, yaani wingi wa mwendo, ambayo jumla yake haibadiliki, ikamrudisha kwenye kasi ya kabla, na jinsi basi lilivyozunguka ikaonyesha limegongwa karibu na mkia, yaani lilikuwa limekaribia kumaliza kuvuka. Lori lilikuwa kwenye kilomita tisini kwa saa, na breki haikuguswa kabla ya kugonga. Akayasema hayo mahakamani.

"Wubshet, hizo hesabu zako hazina mama?" Mama Yeshimebet alimuuliza mlangoni, na hadi alipofariki mwaka 1993 hakummiminia tena kahawa.

Zerihun alifungwa miaka tisa, akatoka, akahamia Jimma, asimsemeshe kaka yake. Marehemu aliendelea kufundisha, lakini kila breki zilipolia barabarani alisimama, hata tonge likiwa mkononi, midomo ikihesabu, na usingizini mkewe alimsikia akiuliza, "Kwa nini hukufunga?", kwani hesabu ilimpa kasi, haikumpa sababu.

Aliugua figo tangu Meskerem 2015. Tarehe 14 Hidar Zerihun alifika hospitalini, na haya tunayasoma kwa ruhusa yake. Alisema, "Kaka, niliwaona. Nilidhani nikikaza mwendo watanipisha."

Marehemu alimtazama sana, akasema, "Watu saba, Zeru," kisha akamwambia, "Sogea." Alifariki alasiri ya tarehe 16, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na jamaa za waliofariki Mojo, ambao wamekuja, wamekaa nyuma.

Pumzika kwa amani, Wubshet, jibu ulilolitafuta tumebaki nalo sisi.