Mama Hilaria na Watoto wa Dirishani

Leo Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, saa kumi jioni, shule yetu inampoteza matroni wake, Bi. Hilaria Emanuel Qamara, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Hatuandiki kwamba anakwenda kupumzika, maana hajachoka. Ametimiza miaka sitini, na sheria ni sheria. Pamoja naye tunapoteza kitu ambacho hakimo kwenye ratiba ya sherehe: mtu wa kuwapa wanafunzi wetu kumi na wanne dawa zao kila asubuhi na kila jioni. Nafasi yake haijajazwa. Hilo nitalieleza, kwanza tumsifu anayestahili.

Bi. Hilaria ni mzaliwa wa kijiji cha Daudi, mtoto wa wakulima. Aliajiriwa Februari 1998 kufua mashuka ya bweni la wasichana, ambalo wakati huo lilikuwa na vitanda arobaini na vinane. Leo tuna mabweni manne na vitanda mia tatu na kumi na viwili. Mwaka 2004 alifanywa matroni wa shule nzima, wasichana kwa wavulana, kwa sababu patroni wa wavulana aliyekuwapo aliondoka na hakuletwa mwingine. Tabia hiyo ya kutoleta mwingine, mnaona, haikuanza jana.

Kila mgeni aliyefika hapa alijiuliza kwa nini mama huyu anapenda shikamoo kiasi kile. Jumapili jioni, wanafunzi wakirudi kutoka ruhusa, alisimama getini, na kila mmoja ilibidi ainame, ampe mkono na kumwamkia kwa karibu. Walimu wapya walidhani anatafuta heshima. Heshima alikuwa nayo tayari. Alichotaka ni pumzi. Hakuna anayeweza kutamka shikamoo bila kutoa pumzi, na pombe ya asali, gongo, sigara na ugoro vyote vilijitaja vyenyewe mbele ya pua yake.

Aliyenuka hakupigiwa kelele. Alipewa maji, chakula na kitanda, na asubuhi mzazi akapigiwa simu. "Saa hizi nitakuwa nagombana na pombe," alikuwa akisema. "Yeye mwenyewe atafika kesho." Kesho yake mazungumzo yalikuwa magumu, hilo muulizeni yeyote aliyepitia, lakini wengi walitoka pale wakaenda darasani, hawakwenda stendi na masanduku yao.

Mwalimu Festo, ambaye sasa ni makamu mkuu wa shule, katika mwaka wake wa kwanza alirudi Jumapili moja kutoka harusini Haydom. Kwa adabu zake akasimama kwenye foleni ya getini, akamwamkia. Mama akaushika mkono wake, akakaa nao kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Kaoge. Kipindi cha kwanza kesho ni chako."

Mwalimu Festo ametuomba habari hii isiandikwe. Tumelifikiria ombi lake.

Lakini kazi kubwa ya Bi. Hilaria ilianza na kosa letu sisi wa shule, mwaka 2011. Gidahosh alikuwa kidato cha pili, kijana wa wafugaji kutoka tambarare za Hanang, na alikuwa akimeza dawa za kifafa. Bibi yake alizitia kwenye kikopo cha ugoro, kwa kuwa ndicho chombo pekee nyumbani kilichofunga sawasawa, hakipitishi vumbi wala mvua. Huku kwetu nani asingefanya hivyo? Kamati ya upekuzi ikafungua sanduku la kijana, ikanusa ugoro, ikaona vidonge vyeupe visivyo na jina, na palepale ikaamua kwamba ni dawa za kulevya. Vikamwagwa chooni pamoja na misokoto ya bangi na paketi za tumbaku ya kuberi walizokamatwa nazo wengine. Kijana alipotaka kueleza, aliambiwa anyamaze mpaka baba yake aje.

Baba alikuwa mbali na ng'ombe. Siku ya tatu Gidahosh alianguka karibu na jiko la nje, mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Bi. Hilaria ndiye aliyemvuta, akampeleka hospitali Haydom kwa basi na kukaa naye mpaka aliporuhusiwa. Huko alielezwa jambo ambalo sisi wote hatukulijua, kwamba dawa hizo zikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo. Aliporudi hakupitia bwenini. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule wa wakati huo, akaomba kabati lenye kufuli na ruhusa ya kutunza dawa.

"Matroni, wewe ni wa mashuka," akajibiwa.

"Ndiyo, mwalimu. La Gidahosh, lililoloa usiku, nimelifua mwenyewe mara mbili wiki ile. Ndiyo maana nauliza."

Kabati likapatikana Jumatatu. Gidahosh sasa ni ofisa mifugo. Ameturuhusu kuyaandika haya yote kwa jina lake, na amesema anakuja leo na mbuzi. Mbuzi huyo tafadhali apitie stoo kwanza.

Tangu hapo utaratibu ni huu. Siku ya kufungua shule, kabla sanduku lolote halijapekuliwa, mwenye dawa huipeleka kwa matroni pamoja na cheti chake, iwe ya kifafa, ya pumu au ya kikohozi tu. Hata ya kikohozi, ndiyo, kwa sababu tulikuwa na vijana wa kidato cha tatu waliokunywa chupa nzima ili walewe. Asubuhi wenye dawa hufika kwenye dirisha la jiko na kikombe cha uji, na jioni kabla ya chakula hurudi. Wanameza mbele yake, kisha wanamwamkia kwa sauti. Aliyeficha kidonge chini ya ulimi maneno yalimgomea. "Rudia, mwanangu, sijasikia," na anarudia mpaka kidonge kiende kinakotakiwa.

Mimi ni mtunza stoo. Nilianza hapa kwa kubeba magunia ya mahindi na maharage kutoka Maretadu, na hesabu nimejifunza kwa kupunjwa. Niliona dirishani wanapanga foleni thelathini na mmoja wakati wenye dawa ni kumi na wanne, nikaenda kulalamika kuhusu unga.

"Hao kumi na saba wengine wanameza nini, mama?"

"Uji," akasema. "Wakisimama wagonjwa peke yao, shule nzima itajua nani mgonjwa. Nikolausi, wewe hesabu unga, mimi nihesabu watoto."

Nikaongeza unga, na sijawahi kuupunguza.

Nizitaje na hesabu za watoto, kwa kuwa nazo zinapendeza. Mwaka 2010, kabla ya kabati, wanafunzi ishirini na watatu walisimamishwa masomo kwa pombe, tumbaku, bangi au vidonge. Mwaka jana walikuwa wanne, ingawa shule imekua karibu mara mbili, na wote wanne wamesharudi darasani. Wala tangu kabati liwekwe hakuna mtoto aliyeanguka hapa kwa kukosa dozi yake.

Sasa lile la nafasi. Wiki mbili zilizopita tangazo lilibandikwa kwamba kabati litahamia ofisi ya nidhamu, kule kunakotunzwa kuberi na bangi zilizokamatwa. Ofisi hiyo inafungwa saa tisa na nusu alasiri, na Jumamosi na Jumapili haifunguliwi. Imakulata, mpishi wetu mkuu, alilisoma tangazo lile mpaka mwisho, akafuta mikono. "Na kifafa nacho kinafunga saa tisa na nusu?" Tumeuliza ofisini mara tatu, tukaambiwa suala linashughulikiwa. Sisi watu wa jikoni, stoo na bweni tunajua maana ya neno hilo. Dawa ya mgonjwa na bangi ya mkosaji vilichanganywa mara moja hapa, na mkono uliolipa tutaushika leo kwenye sherehe.

Mama Hilaria, asante. Asante kwa pua yako, kwa uvumilivu wako, na kwa watoto wengi ambao wangekuwa wamefukuzwa na leo wana kazi. Rudi Daudi salama. Tunakuombea miguu mizima ya kwenda shambani, usingizi usiokatizwa na kengele, na wajukuu watakaokuamkia bila kuogopa kunuswa.

Kwa mkuu wa shule na mwakilishi wa bodi: mtasimama kuzungumza saa tisa. Msituambie suala linashughulikiwa. Tunataka jina la mtu atakayekaa dirishani siku zote saba za wiki, lisomwe mbele ya wazazi na wafanyakazi wote, kabla ya saa kumi mama anapokabidhi ufunguo. Kama jina hilo halipo, semeni halipo, tujue. Dawa za jioni ni saa kumi na mbili na nusu.

Nikolausi Basili, mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wasio walimu