Haitham Wawili Katika Faili Moja

Bismillahi. Shehe, wazee wetu, ndugu na majirani mliokuja hitmani, mimi ni Rahila, dada wa marehemu, familia imenituma nisome, nami sitapamba.

Marehemu Haitham Silima Haitham alizaliwa Mtambile tarehe 14 Machi 1987, akapewa jina la babu yetu, naye babu aliitwa Haitham Silima Haitham, ndiyo desturi yetu. Alisoma skuli ya kijijini, akachukua diploma ya kompyuta Unguja mwaka 2010, na mwaka 2013 akaajiriwa na zahanati moja ya binafsi Chake Chake, akaiandikia programu ya mafaili ya wagonjwa, nami nikamfuata huko kama mtakwimu. Tarehe 6 Juni 2015 alimuoa Ruweida, wakajaaliwa Laila na Ashraf.

Programu yake ilimtambua mgonjwa kwa majina matatu, tena kisiwa hiki ambako wajukuu hurithi majina ya babu zao, na nilipomwambia aibomoe ampe kila mtu namba, akanijibu, "Inafanya kazi, dada, usiiguse."

Babu alifariki tarehe 2 Agosti 2019, lakini ujumbe wa kumwita kliniki ukaendelea kuingia kila Jumanne kwenye simu aliyomwachia bibi yetu, Bi Mwatum, mpaka bibi akapanda gari kuja kumuuliza, "Haitham, babuyo yuko kaburini nawe wamwita apimwe presha, haya, akija utampokea wewe?" Ofisi nzima tulicheka, naye Haitham akaongeza mstari mmoja tu kwenye programu, kwamba marehemu asitumiwe ujumbe, msingi mbovu akauacha vile vile.

Tarehe 11 Novemba 2024, miguu ikiwa imevimba, alipimwa damu pale pale kazini, ambako majibu yote hutumwa kwa simu, na jibu kwamba figo zake zinakufa likaingia kwenye faili la babu, kwa kuwa majina ni yale yale, programu ikaona huyu ni marehemu, ikanyamaza. Kimya kile yeye alikichukua kuwa ni uzima. Alifariki hospitali, Alhamisi tarehe 9 Januari 2025.

Mnasema kompyuta ilikosea. Haikukosea, ilitii ilichoandikiwa, na mimi niliyejua nilicheka, nikaenda kunywa chai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi na kupika, na wafanyakazi wenzetu. Tangu Alhamisi nimeisoma programu yote, mstari ule umenakiliwa sehemu kumi na saba, na watu thelathini na mmoja walio hai programu imewaandika marehemu, wengine nawaona mmekaa mbele yangu kwenye mikeka. Wenye majina ya babu zenu, msingoje ujumbe, njooni wenyewe zahanati kesho asubuhi, nitakuwa mlangoni.

Mdogo wangu, Mola akulaze pema, na atusamehe sisi tuliocheka.