Nilivyomfunga Mjukuu Wangu Mdomo

Kina mama wenzangu, amani ya Mungu iwakute hapo mlipoketi. Mniruhusu nishike kiti, goti hili la kushoto siku hizi halitii amri yangu. Mnanijua, mimi ndiye ninayeshona mablanketi ya vipande hapa Dandora, vile vitambaa vya kutupwa vinavyotoka viwanda vya Industrial Area kwa magunia. Shule niliiacha darasa la pili. Leo sikuleta blanketi. Nimekuja kusema nilivyoanguka nikiwa nimebeba mtoto wa mwenyewe.

Binti yangu alipata kazi ya nyumba Mombasa, akaniachia msichana wake wa miaka minane. Huyo alikuwa mtoto wa maneno. Angeuliza kwa nini kuku hana meno mpaka chai ipoe. Nilimpeleka shule mwenyewe, na mbele ya mwalimu, mtoto akiwa amesimama hapo hapo, nikasema yale tunayosema sote: "Mwalimu, mtoto ndiye huyu. Nyama ni yako, mimi niachie mifupa." Mwalimu akacheka, nami nikacheka. Nikarudi nyumbani nikijiona mzazi wa maana. Msiinamishe vichwa, ndugu zangu. Hata nyinyi mmesema.

Muhula haukuisha. Mtoto akaanza kujibu kwa kichwa tu, ndiyo na hapana. Halafu hata kichwa kikaacha. Miguuni ana mistari ya kiboko, nami nampaka mafuta huku nikimwambia, "Ukishika masomo hutachapwa." Akaanza kukojoa kitandani. Asubuhi moja alikumbatia mguu wa meza asiende shule. Nikamvuta, na meza ikaja naye mpaka mlangoni. Hapo nikamwachilia, nikakaa chini.

Nilimpeleka hospitali, wakasema koo ni zima na masikio ni mazima. Wazee wa maombi walimpaka mafuta. Jirani mmoja akasema amerogwa. Na wakati huo huo binti yangu akatuma salamu kwa mtu wa basi: Disemba anakuja, anataka kumwona mwanawe na ripoti ya shule. Nitamwonyesha nini? Aliniachia kasuku, nimrudishie jiwe?

Kwenye ploti yetu kulikuwa na mama Mwislamu aliyefundisha shule ya nasari kabla ya kuolewa. Watoto wake walisomea nyumbani, kwenye mkeka. Kutwa wanapima unga, wanachora, wanabishana. Mimi nilikuwa nasema hapo hakuna masomo, ni uvivu tu. Siku hiyo nilienda kwake kichwa chini.

"Kukhu," akaniambia, maana amezoea kuniita nyanya kama tunavyoita kwetu magharibi, "mweke karibu na kazi yako. Usimwulize kitu mpaka akuulize yeye."

"Na asipouliza?"

"Ushaona mtoto asiyeuliza?"

"Ninaye ndani ya nyumba."

"Huyo ulikuwa naye akiuliza. Bado yumo."

Basi shule nikamwachisha, na mimi nikanyamaza. Mimi, kunyamaza. Nyinyi mnaocheka hapo nyuma mnaelewa kazi ilivyokuwa. Mtoto alikaa chini ya cherehani wiki ya kwanza, hakugusa kitu. Ya pili akaanza kutenga vipande, vyekundu huku, vya maua kule. Akavipanga mtindo ambao sijawahi kuushona. Ulimi uliniwasha nimwambie hivyo sivyo, nikauma uzi. Huko bombani wanawake wananisema: "Chuo kikuu cha matambara kimefunguliwa." Nikachota maji yangu nikaondoka.

Siku moja mchana limeletwa gunia jipya, lina maandishi meusi ubavuni. Akaliinamia. Mara nikasikia sauti ya kukwaruza:

"Kukhu, hapa wameandika nini?"

Mguu wangu uliganda kwenye pedali. Nawaambia ukweli, ningeweza kumdanganya. Nimedanganya hivyo maisha yangu yote. Hata kanisani nilikuwa nashika kitabu cha nyimbo nafungua popote. Lakini siku hiyo uongo ulikataa kutoka.

"Sijui," nikasema.

"Hata wewe?"

"Sijui kusoma, mwanangu."

Akaniangalia, akaangalia mlango. "Sasa nani anakuchapa?"

"Hakuna."

"Mimi wananichapa nikisema sijui. Ndiyo nikaacha kusema." Akanyoosha kipande magotini. "Na ni wewe ulimwambia mwalimu nyama ni yake."

Kwetu mkubwa haombi mtoto msamaha. Nilishuka kwenye kiti, nikapiga magoti kwenye saruji, nikamwomba. Alinishika shavu kwa mkono wake uliojaa nyuzi.

Tuliliburuta lile gunia sote wawili mpaka kwa yule jirani wa mkeka. Akatusomea: weka mahali pakavu. Tulirudi tukicheka, kumbe ni hayo tu. Kesho yake mtoto akataka kukata herufi kwa vitambaa. Akataka neno "uji" kwanza, sikumwuliza kwa nini. Tukajifunza pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikijikwaa.

Disemba binti yangu akaingia na mizigo. "Mama, ripoti iko wapi?" Nikamwambia hakuna, na shule haendi. Uso ulibadilika. "Nilikuachia mwanafunzi, nakuta fundi wa matambara? Kesho namchukua."

Mtoto hakungoja. Aliushika upindo wa leso ya mamake, akafuata maandishi kwa kidole, polepole: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Halafu akasema, "Kukhu pia anaweza, ila anakwama hapo kwa 'mwe'. Mama, chumvi ya baharini nani aliitia? Na samaki hawasikii kiu?"

Maswali yakaendelea mpaka ugali ukaiva. Binti yangu alikuwa anafuta macho na kucheka. "Mama, huyu hunyamaza saa ngapi?"

"Akilala. Na hapo pia si sana."

Alirudi Mombasa peke yake. Juzi mtoto amesema anataka kuona shule moja huko mtaa wa Lucky Summer, aiangalie kwanza. Tutaenda tuangalie. Akisema bado, ni bado.

Namshukuru yule jirani aliyenivumilia baada ya kumcheka. Nawashukuru nyinyi mlionunua mablanketi yenye mitindo ya ajabu bila kuuliza. Na la kuwaachia ni hili: mtoto akinyamaza kwako, usikimbilie kutafuta aliyemroga. Jitazame mdomo wako mwenyewe ulisema nini mbele yake, kisha umwombe msamaha hata kama goti linauma.

Mungu awape nyumba zenye kelele.