Nzilani na Paa la Bweni

Marehemu Nzilani Muthama alizaliwa tarehe 14 Machi 1990 kijijini karibu na soko la Mbumbuni, Kaunti ya Makueni. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Muthama na Mama Kanyiva. Alianza shule mwaka wa 1996. Akiwa darasa la tatu alikuja jikoni na rula ya mbao, akajaribu kuikunja ikiwa imelala, kisha ikiwa imesimama kwa ukingo. "Mama, mbona hivi inakubali na hivi inakataa?" Mama yake alikuwa akichambua mbaazi, naye aliishia darasa la sita. Alimjibu, "Kaulize mwalimu, na usiivunje, sina nyingine." Aliivunja.

Alihitimu uhandisi wa ujenzi mwaka wa 2014, akaajiriwa na kampuni moja mjini Kitui. Kazi yake ilikuwa kukagua vyuma vya majengo kabla watu hawajaingia. Tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa kanisani na Nyamai Kaloki, na Mungu akawajalia binti, Mutindi.

Mwaka wa 2023 figo zake zilianza kudhoofika. Kila Jumanne na Ijumaa alisafishwa damu hospitalini. Siku nyingine alienda kazini. Mama yake alimwomba apumzike, hakukubali.

Mwezi wa Machi mwaka huu alikagua bweni la wasichana upande wa Kabati, lililotakiwa kufunguliwa muhula wa pili. Boriti za chuma zinazoshikilia mabati zilikuwa zimelala kwenye mteremko wa paa. Kwa sababu hiyo uzito ulizipinda kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kwenye kimo chake, na ubavuni, ambako chuma hicho ni dhaifu. Kiilu, msimamizi wa mafundi, alikuwa amepima kila upande peke yake.

"Injinia, kimo kimetumia asilimia sabini ya nguvu. Ubavu, hamsini. Zote zimepita! Sasa shida iko wapi?"

"Kiilu, mama amebeba mtungi mgongoni, na upepo unamsukuma kando. Utampima na mtungi leo, na upepo kesho?"

"Huyo mama wako si ameshazoea?"

"Jumlisha."

Kiilu alijumlisha. Ikawa asilimia mia moja na ishirini, kupita nguvu yote ya chuma. Akasema, "Lakini shule inafunguliwa tarehe ishirini na nane Aprili."

Nzilani alitaka fito za chuma zifungwe katikati ya kila boriti ili boriti zisipindike ubavuni. Aliambiwa asipotia sahihi kwamba bweni ni salama, atatafutwa mwingine. Akajibu kwamba huyo mwingine atakuta barua yake ofisini, shuleni na kwa kaunti. Aliziandika zote tatu siku hiyo. Ufunguzi ukaahirishwa.

Mwezi wa Mei alilazwa. Kiilu alimpigia simu: "Madam, fito zimeingia zote. Pona sasa."

"Nitumie picha, safu moja moja."

Picha zilikuja, naye akazitazama huku mama yake akimshikia simu. Safu ya nane haikuwa na fito. "Rudi juu, Kiilu." Mama alimwambia, "Mwanangu, lala kidogo." Akasema, "Wasichana ndio watakaolala huko, mama."

Picha ya safu ya nane ilifika Ijumaa, tarehe 30 Mei. Alirudia hesabu yote upya, ubavu ukashuka chini ya asilimia kumi na tano, na jumla haikufika mia. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia ulikuwa na sindano. Alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, akiwa na miaka thelathini na mitano.

Ameacha mume wake, Nyamai. Binti yake, Mutindi, wa miaka mitano. Wazazi wake, Muthama na Kanyiva. Ndugu zake, Ndululu na Kanini. Na wafanyakazi wenzake, akiwemo Kiilu, aliyeomba kubeba jeneza.

Wasichana themanini walihamia bweni hilo Jumatano iliyopita. Mvua ikinyesha, walale. Nawe Nzilani, kazi umeikamilisha: pumzika kwa amani ya Bwana.